Kibao cha Duka Hakishitakiwi

Mimi ni mhazini wa Klabu ya Kilimo ya shule yetu, nami naomba nafasi katika gazeti hili la muhula ili niseme jambo ambalo limenisumbua tangu mwezi wa tatu. Najua wengi wenu mkisikia neno kodi mtafunua upesi ukurasa wa mashairi. Nawasihi mkae kidogo, kwa kuwa ninalotaka kusema si habari ya kodi hasa. Ni habari ya kumjua mtu uliyempa fedha zako.

Walimu na wazazi watakumbuka kwamba mwaka jana klabu yetu ililima mchicha, chainizi na nyanya katika bustani ya nyuma ya mabweni, tukawauzia mama ntilie wa mjini na wachimbaji wanaopita kwenda kwenye makarasha. Shilingi mia mbili kwa mia mbili, hata tukafikisha 430,000. Tukaazimia kununua pampu ya maji ya petroli, maana kiangazi cha Chunya kila mtu anakijua, na kumwagilia kwa ndoo kunawamaliza wanafunzi kabla hawajaingia darasani. Basi mimi na mwenzangu mmoja, pamoja na mwalimu wetu wa kilimo, tulipanda basi kwenda Mbeya mjini, tukanunua pampu katika duka moja ambalo sitalitaja. Bei ilikuwa 410,000. Muuzaji alikuwa mcheshi sana, akatupa na soda, akasema pampu ina dhamana ya miezi sita.

Pampu ilifanya kazi wiki tatu, kisha ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

Tulitoa risiti tuliyoihifadhi katika daftari la klabu. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, ikapigwa muhuri wenye jina la duka na namba ya simu. Simu haikupatikana. Ndipo mwalimu alipokiweka kidole juu ya mstari mmoja wa risiti ile, mstari uliochapwa herufi tatu, TIN, na mbele yake hapakuwa na kitu ila vidoti. Akaniuliza, "Mhazini, ulipopokea karatasi hii hukuona pengo hili?" Nilikuwa nimeliona. Nilidhani ni mambo yao wenye duka na serikali, wala hayanihusu mimi.

Tulirudi Mbeya, safari ya zaidi ya kilometa 100. Mahali tulipakuta. Rafu zilikuwa zile zile, harufu ya oili ile ile, hata kigoda alichokalia mwenzangu kilikuwa pale pale. Lakini kibao cha nje kilikuwa kingine, na aliyekaa ndani alikuwa mtu mwingine, akatuambia kwa upole kwamba yeye amepanga chumba hicho hivi karibuni, na huyo tunayemtafuta hamjui. Mwalimu akauliza kama anaweza kuona cheti cha duka. Kilikuwa ukutani, nyuma ya kalenda kubwa, nasi tulipoisogeza kalenda tukakuta jina la mtu wa tatu, ambaye si yule wa muhuri wala si huyu aliyekuwa mbele yetu. Tukashukuru, tukatoka.

Nje ya duka mwalimu alisema maneno ambayo nimeyafanya kichwa cha habari hii. Alisema tungeweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, au kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo kwa sheria ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi. Lakini kote huko swali la kwanza litakuwa: unamlalamikia nani? Kibao cha duka hakishitakiwi. Hushitakiwa mtu, au kampuni yenye jina lililoandikishwa. Sisi tulikuwa na muhuri wa mpira ambao fundi yeyote wa mihuri hukuchongea ndani ya saa moja.

Sasa nieleze namba hii ni kitu gani, kwa kuwa nimegundua kwamba wanafunzi wengi, hata wa mchepuo wa biashara, huitaja tu bila kuielewa. Ni Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi mwezi Julai 1996. Ina tarakimu tisa, nazo huandikwa tatu tatu zikitengwa kwa vistari. Haiuzwi, hutolewa bure, na mtu akikudai fedha ili akupatie, huyo anajilisha kwa ujinga wako. Mtu au kampuni hupewa namba moja, si moja kwa kila duka, na duka likibadili rangi au kibao namba haibadiliki. Hapo ndipo ilipo faida yake kwangu mimi mnunuzi. Jina la duka ni nguo, mtu huvaa na kuvua. Namba ni kama kovu la ndui.

Watu wengine huichanganya na namba ya VAT. Ile huishia kwa herufi, na huwa nayo wale tu walioandikishwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambao tangu mwaka 2023 ni wenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Duka la kawaida la Makongolosi halina namba hiyo, wala si kosa. Tena kuna namba ya TIN isiyo ya biashara, ambayo vijana wetu wa bodaboda huipata wanapokwenda kuomba leseni ya udereva. Kaka mmoja wa kijiweni alinibishia kabisa kwamba yeye ni mfanyabiashara aliyeandikishwa kwa sababu ana karatasi hiyo. Tuliisoma pamoja, naye akaona mwenyewe imeandikwa kwamba si kwa ajili ya biashara. Alinyamaza, kisha akacheka.

Namba ya biashara huonekana wapi? Kwanza, kwenye risiti ya mashine ya EFD. Mashine hizo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na risiti yake huchapwa jina la mwenye biashara, namba yake, tarehe, saa, na chini kabisa msimbo wa uhakiki pamoja na ule mraba wenye vidoa vyeusi. Mwenye simu akiumulika mraba huo, au akiandika msimbo na saa iliyochapwa katika tovuti ya uhakiki ya Mamlaka, ataona kama risiti ni ya kweli na ni ya nani. Pili, kwenye cheti ambacho wengi hukitundika ukutani karibu na leseni ya biashara. Tatu, kwenye ankara na karatasi za bei ambazo kampuni hutoa. Na nne ni kuuliza kwa mdomo, njia ambayo nimeona ni ngumu kuliko zote, kwa sababu kwetu mtu akimwuliza mwenye duka namba yake huonekana ametumwa.

Risiti ya mkono peke yake si haramu. Wafanyabiashara wadogo wasiolazimika kuwa na mashine huandika kwa mkono, nao wengi ni waaminifu kuliko huyo mcheshi wetu. Shida yetu haikuwa kalamu. Ilikuwa pengo.

Tulipokwisha kushindwa dukani tulikwenda ofisi ya Mamlaka. Ofisa aliyetupokea alitusikiliza mpaka mwisho. Alitueleza kwamba sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inawafunga kutunza siri za mlipakodi, hawawezi kumfungulia kila anayeingia jalada la mtu mwingine. Mwanzoni nilikasirika, lakini njiani nilifikiri tena nikaona ni haki. Nisingependa mtu aje aulizie mapato ya baba yangu. Walakini kuna tofauti kubwa kati ya mapato ya mtu na jina lake. Kiasi anachouza na anacholipa ni siri yake na Mamlaka. Lakini kwamba duka hili ni la fulani, mwenye namba fulani, hiyo haiwezi kuwa siri kwangu mimi ninayemkabidhi 410,000.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila biashara iliyo na namba iiandike mlangoni, chini ya jina la duka, kwa rangi ile ile na kwa tarakimu kubwa ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzinakili akiwa amesimama barabarani. Si nyuma ya kalenda, wala si kwenye simu tu. Nasisitiza habari ya simu kwa sababu nimesikia wenzangu wakisema kwamba siku hizi kila kitu kipo mtandaoni. Bibi yangu anayekuja mnadani kununua jembe hana simu ya kumulika vidoa. Sisi wanafunzi simu tumekatazwa shuleni. Na huku kwenye mialo, mtu anayenunua spea ya karasha saa moja jioni hatafuti mtandao, anatafuta spea.

Wala sibuni jambo jipya. Huko India, kanuni za kodi ya bidhaa na huduma iliyoanza mwaka 2017 zinamtaka mfanyabiashara aliyeandikishwa aonyeshe namba yake kwenye kibao cha mlangoni. Hapa jirani, Wakenya wana namba ya herufi na tarakimu kumi na moja, nayo huanza kwa herufi A ikiwa ni ya mtu na P ikiwa ni ya kampuni, hata mnunuzi akiitazama mara moja anajua anashughulika na nani wa namna gani. Mtu akitiliwa shaka, namba yake huhakikiwa katika mtandao wa mamlaka yao. Nchi yenye dhahabu ya Lupa haishindwi na kopo la rangi.

Nilimweleza wazo hili mzee mmoja mwenye duka la vyakula karibu na stendi, mtu ninayemheshimu, naye alinipinga kwa sababu mbili.

Ya kwanza alisema kwamba namba ikiandikwa nje, matapeli wataiba. Watu huazima namba za wengine, wakafanya nazo biashara, na kodi ikamwangukia mwenye namba. Hofu hiyo si ya bure. Lakini nilimwuliza, "Mzee, mashine yako kwa siku inatoa risiti ngapi?" Akasema huenda arobaini. Basi kila siku anawapa watu arobaini namba yake mkononi, nao wanazitupa stendi na upepo unazipeleka mpaka kwenye madaraka ya jirani. Mwizi wa namba haongojei kibao. Anayempa nafasi ni mnunuzi asiyesoma, kwa sababu namba iliyoazimwa hutambulikana pale tu mtu anapolinganisha risiti na mlango. Kama mlangoni pangeandikwa namba moja na kwenye risiti ikawa nyingine, hata mimi ningeshtuka.

Sababu yake ya pili ilinigusa zaidi. Alisema, "Mjukuu wangu, sisi tumeandikwa sana." Kisha akaniambia habari za baba yake, ambaye alitembea na stakabadhi ya kodi ya kichwa katika mfuko wa shati, kwani aliyekutwa bila karatasi hiyo alikamatwa. Tumesoma darasani kwamba Wadachi walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, Waingereza wakaendelea, na hata baada ya Uhuru tulikuwa na kodi ya maendeleo ambayo ilifutwa mwaka 2003. Watu wengi walioingia katika machimbo ya Lupa miaka ya 1930 walikuja kutafuta hiyo fedha ya kodi. Kwa hiyo mzee akisikia namba anakumbuka mkono wa askari.

Nilifikiri maneno yake siku nyingi, na jibu langu ni hili, nalitoa kwa heshima. Zamani karatasi ilikuwa mfukoni mwa mnyonge, na mwenye nguvu ndiye aliyeiulizia. Katika jambo hili ninaloomba, karatasi iko mlangoni kwa mwenye mali, na anayeiulizia ni mtoto wa shule mwenye fedha za mchicha. Sioni kwamba ni kitu kile kile.

Sasa nifike mahali ambapo wazo langu mwenyewe linaniuma. Mama yangu anapika wali na maharage karibu na mwalo mmoja. Hana kibao, ana turubai. Mwaka huu shule yetu ilipotafuta mtu wa kuleta maharage, aliulizwa namba, akasema hana, akaambiwa basi mama haiwezekani, kwani ununuzi wa serikali sasa hupitia katika mfumo wa NeST, ulioanza mwaka 2023, na mzabuni huandikishwa humo kwa namba yake. Aliyepata ni mtu mwenye gari. Siwalaumu walimu, wakinunua bila risiti halali, mkaguzi atawauliza wao. Lakini kama kila mlango utaandikwa namba, je, asiye na namba hataonekana kama mwizi? Mama yangu si mwizi. Mwaka 2018 watu kama yeye walipewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, akakivaa shingoni kwa furaha, akadhani mambo ya kuandikishwa yamekwisha.

Nilimwuliza kwa nini hakuchukua namba. Alisema ukichukua namba umejifunga kamba. Basi jioni moja tuliketi na daftari, nikamfanyia hesabu kama tulivyofundishwa. Kwa siku anauza kama 30,000. Tukitoa siku za mvua na za misiba, tukaweka siku 300, ni milioni 9 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 halipi kitu katika kodi hii ya makadirio. Wa kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Lakini mwenye kutunza kumbukumbu hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kwa mama, asilimia 3 ya milioni 2 ni 60,000, jumla 150,000. Daftari la shilingi elfu moja, akiliandika kila siku, linamwokolea 100,000. Mama aliniangalia, akasema, "Kumbe kamba yenyewe ni kutokuandika."

Sisemi kodi ni tamu. Laki moja na nusu kwa mtu anayepuliza moto tangu saa kumi ya usiku ni fedha nyingi, na wapo waliochukua namba, biashara ikafa, wasiende kutoa taarifa kwamba wamefunga, wakaendelea kuhesabiwa kama wapo. Jambo hilo mtu aambiwe siku ile ile anapopewa cheti. Ningependa pia maofisa wa Chunya waje Makongolosi siku ya mnada, wakae chini ya mwembe na meza yao, kuliko kumngoja mama lishe afunge biashara siku nzima awafuate. Katika hilo wazazi watusaidie kuomba kupitia kwa diwani.

Nasi wanafunzi tusijione tuko mbali. Mwezi Juni 2022 Waziri wa Fedha alipendekeza Bungeni kwamba kila Mtanzania mwenye kitambulisho cha taifa, akitimiza miaka 18, apewe namba hii. Darasani kwetu wenye miaka kumi na saba ni wengi. Yamkini mtu atapewa namba kabla hajaona mshahara wala duka, na ataitia katika sanduku pamoja na cheti cha ubatizo au cha madrasa, asijue ni ya nini. Ningefurahi somo la uraia likatoa kipindi kimoja tu cha kusoma risiti. Mwalimu alete risiti kumi, tano za kweli na tano zenye mapengo, aone ni wangapi tutazitenga.

Klabu yetu imeweka kanuni. Yeyote anayekwenda kununua kitu cha zaidi ya 20,000 hubeba daftari dogo, na kabla ya kuhesabu fedha hunakili namba ya duka, kisha huilinganisha na risiti. Maduka mawili ya hapa mjini yalitukatalia, tukanunua la tatu. Pampu ya pili bado hatujainunua. Tumefikisha 265,000, na nyanya zimeanza kuiva.

Mama alikwenda Chunya wiki mbili kabla ya mitihani, akiwa na namba yake ya kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Karatasi aliyorudi nayo ameitia ndani ya nailoni isishike moshi, ameifunga kwa waya kwenye mti wa turubai, juu kidogo ya sufuria la maharage. Mchimbaji mmoja aliyekuja kula mchana aliitazama muda mrefu akitafuna, kisha akamwuliza kama hiyo ndiyo bei ya nyama.

Mhazini, Klabu ya Kilimo,
Kidato cha Nne.